Moshi wa Ng'ambo Umelala

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi jirani yangu huwa ameshachanganya dawa ya nyanya. Pompi yake ya lita 15 imesimama kando ya mguu wake, mikanda imelegezwa, ncha ya kupulizia imefutwa kwa kitambaa, na mwenyewe hafanyi kitu. Amekaa juu ya jiwe ukingoni mwa shamba, hapa Mumosho, akitazama ng'ambo ya mto Ruzizi, kwenye vilima vya Rwanda ambako mafiga ya asubuhi yamewashwa. Siku moja nilimpita nikienda kuteka maji, nikateka, nikaupanda tena mteremko na bidoni yangu, nikamkuta palepale.

"Papa, nyanya leo hazipati dawa?"

"Ule moshi wa ng'ambo ungali umelala, mwanangu. Ukisimama ukaanza kutembea, nami nitasimama."

Nilidhani ni uvivu wa uzee uliovikwa maneno mazuri. Miaka ilipita kabla sijakutana tena na maneno hayo, safari hii kwenye vitabu vilivyoandikwa kwa watu wasiofanana naye hata kidogo: marubani wa ndege za kunyunyizia dawa.

Nikiri mapema kwamba ndege hizo hazina kazi Mumosho. Mashamba yetu yameshikilia miteremko kwa kucha: kipande cha mihogo, kipande cha maharage chini ya migomba, matuta machache ya nyanya karibu na kijito, kisha mpaka wa jirani. Chini kabisa Ruzizi unapita korongoni, na juu ya yote zipo nyaya. Kituo cha umeme cha Ruzizi II, kilichoanza kazi mwaka 1989 kwa ajili ya Kongo, Rwanda na Burundi, kiko hapa chini yetu, na umeme wake hupanda kwa nguzo kutoka kilima hadi kilima ukielekea mijini. Mgeni akisimama barabarani huona migomba na ukungu. Rubani wa kunyunyizia angeziona nyaya kwanza, na pengine asingetaka kuona kingine. Hata wadudu wetu hawamhitaji. Viwavijeshi vamizi, walioonekana Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016, hujificha ndani ya koo la mhindi, mahali ambapo tone litokalo angani hupenya kwa shida. Mama anayetia majivu kwa vidole, shina kwa shina, humfikia adui huyo kabla ya ndege yoyote.

Ndege ingeweza kufanya kazi huko chini, Kamanyola ukishaipita, pale bonde la Ruzizi linapofunguka na mtu akapumua. Sisi wa huku juu tunabaki na pompi. Lakini ni pompi hiyo iliyonipa hamu ya kuelewa kazi ya wale wa angani, na kadiri ninavyoielewa ndivyo ninavyozidi kuiheshimu, kwa sababu tofauti na zile ambazo watu huzitaja.

Watu wakisikia habari ya rubani huyu hufikiria mchezo wa ujasiri: ndege ya manjano inapiga mbizi, inapita chini ya nyaya, inapanda wima, watoto wanashangilia. Miongozo ya FAO kuhusu nzige wa jangwani, toleo la 2001, ni mikavu kama makopa ya muhogo, lakini anayejitokeza ndani yake ni mtu mwingine kabisa. Anaamka gizani. Anapima upepo. Anasubiri. Anaruka mstari mmoja ulionyooka, anageuka, anaruka mwingine kama ule, na mwingine, na mwingine. Siku nyingine anarudi na tangi lake limejaa kama lilivyoondoka, kwa sababu upepo umekataa, na hakuna anayemcheka.

Siku ya kwanza ya kazi hii inajulikana: tarehe 3 Agosti 1921, karibu na mji wa Troy, jimbo la Ohio, Marekani. Luteni John Macready aliirusha ndege ya jeshi aina ya Curtiss kandokando ya shamba la mikatalpa lililokuwa likiliwa na viwavi. Pamoja naye alikuwamo Étienne Dormoy, mhandisi mzaliwa wa Ufaransa, aliyelibuni sanduku la kumwagia unga wa sumu na ambaye alikuwa akilizungusha kwa mkono. Miti kama 5,000 ilipata dawa kwa muda usiotimia dakika moja. Septemba ya mwaka huohuo Macready alipanda zaidi ya mita 10,000, akaweka rekodi ya dunia ya kwenda juu. Ningependa kumuuliza ni safari ipi iliyomtoa jasho zaidi, ile ya kule juu ambako hakuna cha kugonga, au ile ya usawa wa matawi.

Si lazima twende Ohio, hata hivyo. Maji yanayopita chini ya jiwe la jirani yangu huingia Ziwa Tanganyika kati ya Uvira na Bujumbura. Ukilifuata ziwa hilo kusini hadi mwisho wake, ukapanda uwanda wa juu upande wa Zambia, unafika Mbala, ambayo zamani iliitwa Abercorn. Hapo ndipo palipokuwa makao ya huduma ya kimataifa ya nzige wekundu, iliyozaliwa na mkataba uliotiwa saini London mwezi Februari 1949. Ubelgiji ilikuwa miongoni mwa waliotia saini, na kwa mkono wake Kongo yetu ikaingizwa humo. Nzige wekundu walikuwa wamesumbua nusu ya kusini ya Afrika tangu karibu mwaka 1930 hadi 1944, na ilikuwa imeshajulikana kwamba makundi yale yote yalitokea mabonde machache tu yenye nyasi na maji yanayojaa na kupwa, kama Rukwa na Mweru wa Ntipa. Shauri lililotolewa lilikuwa la mtu mvumilivu: usimkimbize nzige bara zima, mngoje nyumbani kwake.

Kwa nzige wa jangwani, ambaye ni ndugu mwingine mwenye tabia mbaya zaidi, shirika la Afrika Mashariki linaloitwa DLCO-EA liliundwa mwaka 1962, na uwanja wa Wilson jijini Nairobi ukawa kituo cha ndege zake. Ndege iliyozoeleka huko ni Beaver ya Kanada, iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1947: pua butu, injini ya mviringo yenye nguvu za farasi 450, magurudumu mawili mbele na kigurudumu kimoja mkiani. Haina urembo. Lakini huvumilia mwendo wa polepole, hubeba mzigo, na hutua mahali ambapo ndege nyembamba ingevunjika miguu. Wilson uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Kavumu, uwanja wetu wa Bukavu, uko mita 1,720, kwa hiyo rubani wa kule na wa huku wanaijua hewa ileile nyepesi. Kwenye hewa ya namna hiyo bawa hushika kidogo, panga la injini huvuta kidogo, na njia ya kurukia huisha mapema kuliko ilivyoonekana kwa macho. Jua likiwaka hewa huwa nyepesi zaidi. Ndege iliyonyanyuka vizuri alfajiri inaweza kukataa mzigo uleule saa sita mchana.

Mwishoni mwa Desemba 2019 makundi ya nzige wa jangwani yaliingia Kenya, na ukawa uvamizi ambao nchi hiyo haikuwa imeuona kwa miaka 70. Februari 2020 walifika Tanzania na Uganda, na tarehe 21 ya mwezi huo kikundi kidogo kilitua upande wetu wa Ziwa Albert, karibu na Bunia, mara ya kwanza nzige hao kuonekana Kongo tangu 1944. Kilomita mraba moja ya kundi lililokomaa hubeba nzige milioni 40 hadi 80. Kila mmoja ana uzito wa gramu mbili hivi na hula uzito wake kwa siku, kwa hiyo kilomita hiyo moja humeza tani 80 za majani kwa uchache kabla jua halijatua. Hiyo ndiyo hesabu iliyowatoa marubani wa Wilson vitandani.

Sasa tuje kwenye tone, maana kazi yote hii inaishi ndani ya tone.

Jirani yangu akitaka kunyunyizia hekta nzima ya nyanya, jambo ambalo hajawahi kulitaka kwa kuwa hana hekta, angehitaji lita mia kadhaa za maji, na kila lita angeibeba mgongoni. Rubani wa nzige hunyunyizia lita moja kwa hekta, wakati mwingine nusu lita. Niliposoma hivyo mara ya kwanza nilidhani ni kosa la mpiga chapa: chupa moja juu ya eneo linaloupita uwanja wa mpira? Nikachukua kalamu. Tone lenye upana wa mikroni 100, yaani sehemu ya kumi ya milimita, ni dogo kiasi kwamba lita moja hutoa karibu matone bilioni 1.9. Hekta ina sentimita mraba milioni 100. Gawanya, na kila sentimita mraba, eneo la ukucha wa kidole kidogo, inapata matone kumi na tisa. Ukipunguza upana wa tone kwa nusu, idadi huongezeka mara nane. Dawa yenyewe haichanganywi na maji, ambayo yangekauka njiani. Ina mafuta, ili kilichotoka kwenye bawa ndicho kifike chini.

Lakini tone likiwa dogo huwa toro. La mikroni 100, likiachiwa kutoka mita kumi, hushuka kwa nusu dakika na zaidi kidogo. Upepo wa mita nne kwa sekunde utakuwa umelisogeza mita mia na hamsini hivi kabla halijagusa jani. La mikroni 200 hufika kwa robo dakika na haliendi mbali, ila limejibebea dawa ya matone manane peke yake. La mikroni 10 hukaa hewani karibu saa nzima, na ukilitaka itabidi ukaliulizie vijiji vya mbali. Kati ya lile zito linalopoteza dawa na lile jepesi linalopotea lenyewe kuna kichochoro chembamba, mikroni 50 hadi 100 kwa nzige, na rubani lazima aingize tangi zima humo.

Anafanya hivyo kwa kifaa ambacho mimi hukipenda kupita kiasi. Miaka ya 1950 vijana wawili Waingereza, John Britten na Desmond Norman, walishughulika na kunyunyizia migomba, na Cameroon ilikuwa mojawapo ya mahali walipofanya kazi. Kifaa chao, Micronair, ni kama kikapu cha wavu wa chuma kilichofungwa chini ya bawa, chenye mapanga yake madogo. Hakina mota. Ndege ikienda, upepo wa mwendo huyazungusha mapanga, kikapu kinazunguka maelfu ya mizunguko kwa dakika, dawa inaingia katikati na kurushwa nje kupitia wavu ikiwa imekatikakatika matone yanayokaribiana ukubwa. Ukitaka matone madogo, unalaza mapanga kwa pembe nyingine ili kikapu kizunguke kwa kasi zaidi. Marekebisho hayo hufanywa chini, kwa spana, kabla ya safari. Rubani anayejua kazi yake hawezi kumwachia mtu mwingine spana hiyo bila kurudi kuyatazama mapanga kwa macho yake. (Britten na Norman hao ndio baadaye waliotengeneza Islander, ndege ndogo ya abiria ambayo viwanja vya udongo vya Afrika vinaijua sana. Migomba imetuletea mengi.)

Tone likishapatikana linakabidhiwa upepo. Wanamaji wa pwani wana maneno mawili ambayo sisi wa milimani hatukuyahitaji: joshi, upande upepo unakotoka, na demani, upande unakoelekea. Nimeyaazima kwa sababu bila hayo mtu hawezi kueleza jinsi rubani huyu anavyopanga kazi. Haruki pamoja na upepo wala hauelekei usoni. Anaukata, bawa moja joshini na jingine demani. Anaanza kwenye ukingo wa demani wa kundi la nzige, na kila mstari unaofuata anausogeza mita kadhaa kuelekea joshi, ili wingu la dawa liwe nyuma yake daima na asipite ndani ya alichokimwaga. Akifika ukingo wa joshi haishii hapo. Anatoka nje ya kundi kabisa na kuruka mstari mmoja zaidi juu ya ardhi isiyo na nzige hata mmoja. Mtazamaji angesema amekosea. Dawa ya mstari huo inasafirishwa na upepo hadi kwenye ukingo ambao mistari mingine haikuufikia.

Na mstari mmoja peke yake hauna maana. Dawa inayodondoka kutokana nao haikai sawasawa: hujaa mahali fulani, kisha hupungua polepole kuelekea demani kama sauti ya ngoma inayokwenda mbali. Usawa hupatikana pale mkia wa mstari wa kwanza unapolaliwa na wa pili, na wa pili na wa tatu. Kwa hiyo sifa kubwa ya rubani ni kufanana na nafsi yake. Mstari wa ishirini uwe na kimo cha ule wa kwanza, mwendo wa ule wa kwanza, umbali uleule. Zamani watu walisimama shambani na bendera kumwonyesha pa kupita, wakihesabu hatua na kusogea, na walilowa dawa. Siku hizi setilaiti humwashia taa ndogo mbele ya kioo, kushoto au kulia, akipotoka. Sioni sababu ya kuzililia bendera zile.

Upepo ukikosekana kazi hulala, na hapa ndipo moshi wa jirani yangu unaporudi. Usiku usio na mawingu ardhi hupoa, hewa iliyoigusa hupoa nayo, na hewa ya joto iliyo juu yake huifunika kama kawa juu ya chungu. Moshi wa mafiga hupanda kidogo, hugonga kifuniko hicho, hulala na kutanda. Matone madogo yakiachiwa humo hufanya vivyo hivyo: hayashuki, hayaendi panapojulikana, huelea kama kundi hadi upepo wa kwanza wa asubuhi uyachukue na kuyapeleka popote upendako. Ndege nyingi za kunyunyizia huwa na kifaa kinachodondoshea mafuta kidogo kwenye bomba la moshi la injini, ili rubani atoe pafu moja jeupe, azunguke, alitazame. Likilala, anarudi nyumbani. Likitembea, anafuata lilikokwenda na kuupima upepo kwa macho. Wanaoiuza mitambo hiyo huisifu kwa maneno mengi, nami huona mafiga ya Rwanda yaliyotiwa ndani ya injini.

Mchana nao una uharibifu wake. Ardhi ikishika moto hewa hupanda kwa mafungu, na tone lililotumwa chini hubebwa juu. Nzige pia hawangoji. Hujianika jua, na saa mbili hivi baada ya mapambazuko miili yao imepata joto na kundi linanyanyuka. Kwa hiyo kati ya moshi kuamka na nzige kuamka kuna kipindi kifupi, pengine saa moja na nusu, pengine chini ya hapo, kisha tena jioni wakishatua. Maandalizi ya siku nzima, safari ya kutafuta kundi, mapipa yaliyosafirishwa kwa lori hadi kwenye kiwanja cha vumbi, vyote vinaingizwa kwenye upenyo huo.

Ndani ya upenyo huo ndege huenda kama kilomita 160 kwa saa, mita tano hadi kumi juu ya ardhi. Mstari wa kilomita moja humalizika kwa sekunde ishirini na mbili. Halafu inakuja kona, ambayo huchukua muda kama huo au zaidi, na ndiyo inayowatofautisha watu. Rubani hufunga dawa, hunyanyua pua, huinamia demani kwanza ili kujipatia nafasi, kisha huzunguka kurudi joshini na kuingia mstari mpya akiwa amenyooka. Ndege iliyoinama huhitaji kasi zaidi ili ibaki hewani, na wakati uleule inapanda na kupoteza kasi. Bawa likiacha kushika hewa kwenye kimo kile hakuna nafasi ya kulirekebisha. Na kuna udanganyifu wa macho uliowamaliza wengi: ukigeukia demani, ardhi inakimbia chini yako kwa haraka, na macho yanakwambia una mwendo wa kutosha, punguza moto. Mwendo huo ni wa upepo, si wa bawa. Mkono wa rubani lazima uwe umefundishwa kutowaamini jamaa zake wawili wa usoni.

Uzito nao haukai mahali. Ndege kubwa za kisasa za kazi hii, kama AT-802 ya kampuni ya Air Tractor, hubeba lita 3,000, na zikimaliza huwa nyepesi kwa tani tatu. Ndege ileile asubuhi ileile ni kama punda aliyepakiwa kisha mbuzi aliyefunguliwa, na usukani hujibu tofauti kila dakika. Kuna mkono wa dharura wa kuumwaga mzigo wote kwa mara moja, na marubani husema mkono wa kushoto uujue kama unavyojua njia ya mdomoni gizani. Fred Weick, aliyebuni ndege ya AG-1 mwaka 1950 na baadaye Piper Pawnee, alimweka rubani juu na nyuma, tangi mbele yake, pua ndefu iliyotengenezwa ikunjike kwanza. Alikuwa fundi aliyekubali kwamba ajali zitakuja, akachora ndege akianzia hapo.

Nyaya zinazoogopwa zaidi ni zile unazozijua. Rubani huzunguka shamba kabla ya kushuka, akihesabu nguzo badala ya nyaya, kwa kuwa waya hauonekani lakini nguzo huonekana, na nguzo mbili hazisimami hivihivi bila kitu kati yao. Anaziona zote. Kisha mistari arobaini inapita, jua linaingia kwenye kioo, akili iko kwenye upepo, na waya aliouhesabu mwenyewe asubuhi unamsubiri palepale.

Zipo kazi ambazo hata upole huu wote haunifanyi nizipende. Kweleakwelea, ndege wadogo wanaokula mtama, mpunga na ngano kwa makundi ya mamilioni, hunyunyiziwa jioni wanaporudi kulala kwenye matete au miiba. Rubani huwangoja watue, hupita juu ya malazi yao giza likiingia, na wengine hugonga kioo na injini. Sumu itumikayo, fenthion, huua pia bundi na mwewe wanaokuja kuokota maiti. Wala nyuki hawakuwahi kuulizwa popote. Niliwahi kufikiri kwamba kumsifu fundi wa sumu ni kosa. Sifikiri hivyo tena, ila ninapima sifa kwa kile anachokizuia kuanguka pasipostahili, kuliko kile anachokiangusha. Mwaka 2009 nzige wekundu walipochipuka Tanzania, kwenye nyanda za Iku na Katavi na bonde la Malagarasi, ambako viboko na nyati hunywa maji yaleyale, ndege zilimwaga kuvu badala ya kemikali, vimelea hai viitwavyo Green Muscle, juu ya hekta kama 10,000. Kuvu hawaui papo kwa hapo. Nzige huchukua siku kadhaa kufa, akipungua nguvu. Rubani hakuona matokeo kabla ya kwenda kulala. Lakini mistari ilikuwa ileile, na kona zilezile, na upepo uleule wa kungojwa.

Asubuhi moja ya mwezi wa tatu nilikaa kwenye jiwe pamoja na mzee. Moshi wa ng'ambo ulikuwa umelala, mweupe, umekatwa sawasawa juu kama kwa panga. Hatukusema mengi. Mtu mmoja barabarani alitusalimia kwa Mashi akatuuliza kama tunaomboleza. Kisha moshi ukatetemeka, ukainuka upande mmoja, ukaanza kuja kwetu.

Aliipandisha pompi mgongoni, akaenda hadi mwisho wa shamba, upande wa juu, ambako upepo ulikuwa ukielekea, na kuanza kurudi kinyumenyume kuelekea mtoni, tuta kwa tuta, dawa ikiondoka mbele yake. Hakuna aliyemfundisha joshi na demani. Mkono wa kushoto ulipampu, wa kulia ulikwenda kushoto na kulia kwa kipimo kimoja, na miguu ilihesabu. Tuta la nne lilifanana na la kwanza. Nilikuwa nikitazama mkono ule, nimesahau kila kitu, aliposimama katikati ya tuta la saba.

Sikuona kilichobadilika. Yeye alikuwa amegeuza shavu. Upepo ulikuwa umezunguka na sasa ulipita kando, kuelekea shamba la pili, ambako mama jirani alikuwa ameinama akichuma lengalenga za mchana, mtoto mgongoni.

"Mama nanihii, hujamaliza?"

"Bado, Papa. Zimebaki hizi za pembeni."

"Basi chuma taratibu."

Akafunga koki. Pompi ilikuwa na nusu yake. Akaishusha, akailaza kivulini, akarudi kwenye jiwe.